Miwani Iliyoombewa

Kutoka Kangemi hadi ofisini kwetu Hurlingham, asubuhi, jua liko usoni. Jioni ukirudi limehamia upande wa pili, na liko usoni tena. Mwololo aliliona jambo hili wiki yake ya kwanza kazini, mwaka wa 1993, akasema kwa mzaha kwamba jua la Nairobi nalo limemwajiri. Kufikia mwaka wa 2004 alikuwa ameipita njia ile kwa baiskeli miaka kumi na mmoja, na hakuna aliyekumbuka kwamba aliwahi kulifanyia mzaha.

Alikuwa tarishi wetu. Tulikuwa ofisi ndogo ya wathamini wa ardhi na majengo, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa katika barabara ya Argwings Kodhek. Kila karatasi iliyotoka kwetu ilitoka mgongoni mwake: ripoti za benki za katikati ya jiji, barua za mawakili, ramani za kwenda na kurudi ofisi za ardhi. Baiskeli yake ilikuwa ile nyeusi ya chuma, nzito kama kitanda. Mkoba wake wa turubai alikuwa ameshonewa na fundi wa viatu. Mguu wa kulia wa suruali aliufunga kwa kipande cha mpira wa tyubu usinaswe na cheni, na mara nyingi alisahau kuufungua, akashinda hivyo kutwa nzima, suruali mguu mmoja mfupi. Mtu wa Mwingi, mwembamba, karibu miaka hamsini, mzee wa kanisa. Mimi ndiye niliyetunza kumbukumbu za ofisi, kwa hiyo naweza kusema bila kubahatisha: katika miaka yote hiyo hakupoteza hata bahasha moja.

Siku moja mwezi wa Machi alisimama mbele ya meza yangu akisubiri barua, nikaona tone limeanguka juu ya kitabu cha kutia sahihi. Nikadhani analia.

"Mwololo, kuna nini nyumbani?"

"Hakuna kitu, madam. Ni hili jicho. Linajililia lenyewe."

Nilimwomba ainue uso. Kwenye jicho la kulia, kutoka kona ya upande wa pua, kulikuwa na kijinyama chembamba chenye mishipa myekundu, kimetambaa juu ya weupe wa jicho kuelekea kwenye mboni. Jicho la kushoto lilikuwa na kingine, kidogo zaidi. Nilimuuliza tangu lini. Akasema, "Tangu zamani kidogo," jibu ambalo wanaume wa umri wake hutoa juu ya kila ugonjwa.

Nilimwambia mara tatu aende kliniki. Mara ya nne nikaenda naye. Afisa wa macho alikuwa mwanamke aitwaye Awiti, mwenye sauti ya kujaza chumba.

"Baba, unafanya kazi kwa upepo?"

"Kwa baiskeli, daktari."

"Ni hapo hapo. Jua, vumbi na upepo. Hivi vitu vitatu ndivyo vinalisha hii nyama. Sasa ni mtoto, lakini ikishafika kwa mboni utakuwa unaangalia dunia kupitia karatasi ya nailoni."

"Haikatwi?"

"Naweza kuikata. Hupenda kurudi, na ikirudi huja na hasira. Afadhali tuinyime chakula." Akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyevaa viatu vya ofisi. "Atafute miwani ya jua. Iwe imekumbatia uso, isiache upenyo pembeni. Tena iwe ya kuzuia ile miale mibaya, isiwe ya kuleta giza tu. Akipanda baiskeli iko usoni, kila siku. Umesikia, mama?"

Nilisikia. Hakutaja bei, na sikumuuliza.

Wiki hiyo hiyo Mwololo alinunua miwani Kangemi kwa mchuuzi, shilingi mia moja, nyeusi kama chupa ya bia. Njuguna, mchoraji wetu wa ramani, ambaye hakuwahi kuacha kitu kipite bila neno, alimwona akiingia akasimama wima kama askari.

"Fungueni njia. Bodigadi wa waziri ameingia."

"Waziri mwenyewe ni wewe, hata kazi hufanyi," Mwololo akamjibu, na sote tukacheka. Alikuwa hajui kwamba alikuwa ameanza kuhesabiwa siku.

Ukipita Kileleshwa, miti imefunika barabara. Mtu anatoka kwenye jua kali anaingia kivulini kwa ghafla, na kwa miwani ile kivuli kilikuwa usiku. Jumanne ya pili aliingia kwenye shimo ambalo alikuwa amelikwepa kwa miaka. Alifika saa nne akisukuma baiskeli yenye gurudumu lililopinda, viganja vimechubuka, mkoba kifuani kama mtoto. Hakuna karatasi iliyolowa. Miwani ilikuwa imevunjika vipande viwili na alikuwa amevileta vyote.

Bwana Kihara, mwenye ofisi, alikuwa dirishani akimtazama kutoka juu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa hesabu za haraka.

"Njuguna," akasema bila kugeuka, "zile pikipiki za Kichina siku hizi zinauzwa ngapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa jambo hili lilikuwa limefika wapi. Jicho la Mwololo lilishika baiskeli, baiskeli ilishika kazi, na kazi ilishika chumba chake Kangemi na watoto wawili waliokuwa shule ya upili kule Mwingi. Mtu ambaye kisomo chake kiliishia darasa la tano, anayekaribia hamsini, akitoka ofisi moja ya Hurlingham haingii nyingine.

Jumamosi nilishuka mjini nikaingia duka moja la miwani, mtaa wa Kimathi, duka la kioo na kimya. Muuzaji alinipa miwani ya waendesha baiskeli wa mashindano. Ilikuwa nyepesi kama jani la muhindi lililokauka. Ilikuwa na vioo vya kubadilisha, vya kahawia kwa jua na vyeupe kwa mawingu, na kisanduku kigumu cha kuihifadhi. Aliipiga juu ya meza kunionyesha haivunjiki. Niliijaribu nikatazama nje. Mtaa wa Kimathi ulionekana kama umenyeshewa na kukauka, kila kitu kimepata ukingo wake, na macho yangu, ambayo sikujua yamechoka, yakapumzika. Elfu nane na mia tano. Mshahara wa Mwololo wa mwezi haukufika hapo.

Jumatatu nikalipeleka jambo hilo kwa Bwana Kihara, na kwa kuwa mlango wake haukufungwa vizuri, ofisi nzima ikaingia kwenye mjadala.

"Miwani ya elfu nane na nusu juu ya baiskeli ya elfu nne," akasema. "Wangeci, hapo ni nani atakuwa anambeba mwenzake?"

"Akiivaa Waiyaki Way," Njuguna akadakia kutoka kwenye meza yake, "wezi watamvua na kichwa kikiwa ndani."

"Amekuwa na ya mia moja," nikasema. "Tumeona ilikomfikisha."

"Kwa hiyo anunue nyingine ya mia moja, aivue akifika kwenye miti."

"Daktari amesema kila siku, njia nzima. Na za mia moja hazizuii miale, zinaleta giza tu. Bwana Kihara, jicho ni bei gani?"

Walinyamaza. Nililipenda swali langu. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, nilikuwa nimesoma chuo, na ilikuwa nadra mtu kunyamaza ofisini mle kwa sababu ya jambo nililosema. Mpaka leo nashangaa kwamba katika mazungumzo yale yote hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kama kuna kitu kati ya mia moja na elfu nane na mia tano. Tulibishana kana kwamba jiji zima lilikuwa na miwani mbili.

Bwana Kihara alikubali nilipotafuta njia ya kumfanya akubali. Nilimwambia isiwe kifaa cha kazi, iwe zawadi. Mwololo alikuwa na zaidi ya miaka kumi kazini. Apewe mwezi wa Desemba, kwenye karamu ya kufunga mwaka, kila mtu achange, wateja waalikwe waone jinsi ofisi inavyotunza watu wake. Uso wa Bwana Kihara ulifunguka. Zawadi ilikuwa jambo alilolielewa.

Kwa hiyo kwanza tulingoja. Kuanzia Aprili hadi Desemba Mwololo aliendesha baiskeli macho wazi, kwa ajili ya sherehe yake mwenyewe, ambayo tulikuwa tumemficha.

Siku ya karamu tulisogeza meza zote ukutani. Kulikuwa na nyama, soda, na wateja sita au saba. Bwana Kihara alimleta mchungaji wa kanisa lake. Kisanduku kilikuwa kimefungwa kwa karatasi ya kung'aa na utepe mwekundu, nilikifunga mimi. Kalekye, mke wa Mwololo, alialikwa, akaja na kitenge kipya na kukaa pembeni ya kiti kama mtu anayeogopa kukichafua. Bwana Kihara akazungumzia uaminifu kwa dakika ishirini. Mchungaji akaweka kiganja juu ya kisanduku, akaombea macho yatakayotazama kupitia miwani hii, akaombea mikono iliyoitoa, akaombea ofisi ipate wateja zaidi. Tukasema amina. Mwololo alifungua karatasi ile polepole bila kuichana, akaikunja mara nne, akampa Kalekye aiweke kwenye mkoba. Ndipo akavaa miwani, tukampiga picha akiwa amepeana mkono na Bwana Kihara. Baada ya picha akaivua, akaifuta kwa kile kitambaa chake laini, akairudisha ndani ya kisanduku na kukifunga. Kikalia, tak.

"Mimi si mtu wa maneno," akasema. "Sijawahi kupewa kitu mbele ya watu. Nawaahidi jambo moja tu. Hii miwani nitaitunza."

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote. Alisema atatunza miwani, na mtu aliyesimama hapo kwa sababu ya macho yake hakusema neno juu ya macho, na sisi tulipiga makofi.

Januari aliingia ofisini asubuhi ya kwanza ya kazi, macho mekundu, uso mtupu.

"Miwani iko wapi, Mwololo?"

"Iko, madam. Iko salama."

"Si uivae?"

"Leo kulikuwa na mawingu."

Siku iliyofuata kulikuwa na vumbi jingi na hakutaka ikwaruzwe. Wiki nyingine kulikuwa na mvua. Halafu siku ya jua kali, akasema alikuwa ameisahau, nami nikaona kwamba nikiendelea kuuliza nitamfanya azoee kunidanganya, nikaacha. Hivyo ndivyo nilivyojieleza. Nilikuwa na kazi nyingi pia.

Mwezi wa Machi Kalekye alianguka na ndoo ya maji akavunjika mkono, nikaenda Kangemi kumpa pole, na sukari na mkate na pakiti mbili za unga. Kilikuwa chumba kimoja, pazia katikati, kila kitu mahali pake. Alitaka kuinuka anitengenezee chai kwa mkono mmoja, Mwololo akamkalisha akaipika mwenyewe. Ukutani kulikuwa na kabati la vioo. Kwenye rafu ya juu kulikuwa na picha ya harusi yao, cheti cha ubatizo cha mtoto, vikombe vya wageni ambavyo nilijua nitanywea mimi, na ile picha ya Mwololo na Bwana Kihara, sasa ina fremu. Katikati ya hivyo vyote kile kisanduku kilikuwa kimefunguliwa, na miwani imelazwa ndani, imefunikwa nusu kwa kitambaa cheupe cha kufumwa.

Kalekye aliona ninapotazama.

"Mama, hiyo ni yenu. Muone vile inakaa vizuri."

"Huwa anaivaa?"

"Kila Jumapili. Na Krismasi tulienda nayo nyumbani. Wazee waliipokezana kama mtoto mchanga, kila mmoja anataka kuona jua kupitia hiyo."

"Na kwenye baiskeli?"

Kalekye akacheka, kicheko cha mtu aliyeambiwa kitu cha utani na mgeni. "Kwa baiskeli? Mama, kitu kimeombewa na mchungaji, watu wamechanga, halafu aende akirushiwa mawe na malori ya Waiyaki Way? Si mtatuona ni watu wa aina gani?"

"Huwa naivaa siku za jua kali zaidi," Mwololo akasema akiwa jikoni, upande wa pili wa pazia.

"Siku gani hiyo?" Kalekye akamuuliza.

"Nyamaza, wewe. Mpe mgeni chai."

"Si chai uko nayo wewe?"

Tukacheka wote watatu.

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Ningesema: ivunje. Ningesema: ikivunjika nitanunua nyingine, au hata sitanunua, ivunje hivyo hivyo. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye kochi lao nikitazama kitu nilichokichagua mimi, nilichokipigania mimi, kimewekwa karibu na picha ya harusi ya watu, kimefunikwa kwa kitambaa, na nikahisi joto kifuani. Nilijisikia mtu mkubwa. Nilikunywa chai kwa kikombe cha wageni na nikaaga. Yaliyosemwa mengine siku ile nimeyasahau. Joto lile silisahau, na nalionea haya kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya kwa kukusudia.

Nyama ile haikuwa na haraka. Mwaka wa 2005 wote ilitambaa. Katikati ya mwaka wa 2006 ilikuwa imegusa mboni ya kulia, na ya kushoto ilikuwa inafuata. Mwololo alianza kugeuza kichwa kama kuku anapotaka kuona kitu. Kitabu cha barua alikisogeza hadi puani. Lakini barua zilifika, kwa sababu njia aliijua kama mtu anavyojua njia ya kitandani kwake. Kilichobadilika kilimwangusha. Mwezi wa Agosti walichimba mtaro wa bomba la maji kwenye Ring Road, Kileleshwa, na asubuhi moja aliingia ndani, yeye na baiskeli na mkoba. Safari hii ripoti ililowa, na ilikuwa ripoti ya benki, na meneja wa benki alikuwa akiingoja.

Bwana Kihara alimwita dirishani. Sote tulikuwepo. Mwololo alisimama na matope hadi magotini, yamekaukia kwenye ule mpira wa tyubu.

"Mwololo, funga jicho la kushoto. Nisomee kile kibao cha ng'ambo."

Mwololo akafunga jicho. "Kliniki ya meno," akasema. "Ghorofa ya kwanza. Chini yake kinyozi. Pembeni wanauza vigae."

Yote yalikuwa kweli. Njuguna, ambaye alikuwa amemtania mtu huyu miaka yote, akaachia pumzi. Bwana Kihara naye alitabasamu kidogo, halafu akafikiri.

"Hayo unayajua. Ile gari nyeupe imesimama hapo chini. Namba yake."

Mwololo akainama mbele mpaka paji la uso likagusa kioo. Alifuta kioo kwa mkono wa shati, kana kwamba uchafu ulikuwa hapo. Nyuma yake, Njuguna akanong'ona, "K, A, R," na mimi nilisikia, kwa hiyo najua Mwololo alisikia.

Hakuisema. Aliondoa paji la uso kwenye kioo, akasema, "Siioni, bwana."

"Jicho lile lingine."

"Naona kuna gari."

Bwana Kihara akashika bega lake. Alizungumza kwa upole, hilo lazima niliandike, na pengine ndilo lililofanya iwe mbaya zaidi. Alisema hawezi kumwacha mtu afe barabarani kwa ajili ya barua. Alisema Mwololo alipewa miwani bora kuliko miwani yote Nairobi, ofisi ilifanya yake. Akamwambia amalize mwezi.

"Ni kweli, bwana. Mlifanya," Mwololo akasema. Hakunitazama.

Septemba pikipiki ilifika, na mwendeshaji wake, mwanamume wa Kawangware mwenye kofia ngumu yenye kioo cha kufunika uso wote. Ofisi ilimnunulia kofia hiyo siku ya kwanza, bila mchango wala maombi.

Mwololo alikatwa ile nyama ya jicho la kulia mwishoni mwa mwaka. Ikarudi, kama alivyoambiwa.

Awiti nilionana naye tena mapema mwaka wa 2007, nilipokwenda kupimiwa miwani ya kusomea. Alinikumbuka.

"Yule baba wa baiskeli, mlimtafutia miwani mapema?"

Nikamwambia tulimtafutia, na bei yake. Alicheka kwanza, akidhani natania.

"Elfu nane? Mama, si ungeniuliza? Unajua ile miwani nyeupe ya plastiki, ya mafundi wanaokata vyuma? Inafunika mpaka pembeni. Mia tatu, mia nne, kwa maduka ya vifaa. Ile plastiki inazuia miale hata kama haina rangi. Ningemwambia anunue tatu, moja ikikwaruzwa anatupa."

"Na ile ya elfu nane?"

"Hiyo ni nzuri. Ni nzuri sana, na ingemsaidia. Kwani ilivunjika?"

"Haikuvunjika. Ilikaa kabatini."

Awiti alishika kalamu akaandika namba za macho yangu kwenye karatasi, na hakuniangalia tena mpaka nilipotoka.

Nilipita barabara ya Kirinyaga, nikanunua tatu, mbili nyeupe na moja ya kahawia. Muuzaji alizitia kwenye mfuko wa karatasi ya gazeti. Jumamosi nikaenda Kangemi.

Mwololo alikuwa nyuma ya soko, ukingoni mwa barabara, chini ya mwavuli uliotoboka, akiziba pancha za baiskeli na mikokoteni. Kila gari lililopita lilimwachia vumbi. Alinitambua kwa sauti, akainuka, akatafuta mahali pa kujipangusa mikono kabla ya kunisalimu.

"Madam. Umepotea."

"Sijapotea, Mwololo. Ni uzembe."

Alinipa kigoda chake, akakaa juu ya debe. Nilimpa ule mfuko. Akaupapasa, akatoa moja, akaisogeza karibu na uso.

"Hii ni ya mafundi."

"Ndiyo."

"Ni ngapi?"

Nikamwambia. Papo hapo akaivaa, kwa mikono ile ile yenye grisi, akaacha alama ya kidole gumba katikati ya kioo cha kulia, wala hakujali. Akarudi kwenye kazi. Mwenye mkokoteni alikuwa amesimama pembeni, mwanamume mnene mwenye magunia ya kabichi.

"Mzee, malizia. Mboga zinakauka."

"Zimekauka tangu Limuru, usinisingizie."

Alitoa tyubu kwenye tairi, akaijaza upepo, akaanza kuizungusha karibu na shavu lake, polepole, akitafuta tundu kwa ngozi kwa kuwa kwa macho hangeliona. Nilimwacha alipate. Kisha nikamuuliza jambo ambalo sikuwa na haki ya kuliuliza, kwa nini hakuwahi kuivaa ile nyingine hata siku moja kwenye baiskeli, na jicho lilikuwa lake.

Hakukasirika. Aliweka kidole juu ya tundu ili lisimpotee.

"Ningeivunja, madam. Unajua vile nilikuwa naanguka. Ningeingia pale ofisini na vipande mkononi, kama ile ya kwanza." Akanielekezea uso wake wenye plastiki ya mafundi. "Mngesema nini?"

Nilifungua mdomo nimwambie hatungesema kitu. Lakini nilimjua Njuguna, na mzaha wake niliusikia ukiwa mzima masikioni. Nilimjua Bwana Kihara dirishani. Mimi mwenyewe nilijijua zaidi ya hao wote, na sauti ambayo ningeitumia, laini, ya mtu aliyeumia: Mwololo, hata ile?

"Mzee," mwenye mkokoteni akasema.

"Nimeshalipata," Mwololo akamjibu, akachukua msasa akaanza kusugua mpira mahali pa tundu, vumbi jeusi likimrukia usoni na kutua juu ya miwani.